Mkwe Wangu Nyuma ya Kioo

Kama umelazwa mahali na daktari amekuambia utaingizwa ndani ya mtungi wa hewa kama gesi ya kupikia, usiogope sana. Hata ungetaka kukimbia, najua huwezi, kwa sababu watu hawapelekwi kwenye chemba wakiwa na miguu ya kukimbilia. Mimi nimetoka huko. Niko nyumbani Webuye, nimekaa nje kwenye jua la asubuhi, mguu wa kulia nimeunyoosha juu ya stuli, na ninaandika kwa sababu kuna mambo nilitamani mtu aniambie mapema. Mengine ni madogo, kama baridi inayokupata wakianza kutoa hewa. Moja ni kubwa, nalo karibu liniue. Hilo lilikuwa adabu yangu mwenyewe.

Kazi yangu ni miche. Nauza miche ya sukuma, vitunguu na nyanya kando ya barabara, na nikisema mche ni wa kabeji, utafunga kabeji. Mume wangu, Mzee Simiyu, alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi mpaka kiwanda kikanyamaza. Tangu hapo yeye ni waziri wa maji katika vitalu vyangu. Anamwagilia asubuhi, anamwagilia jioni, na hapo katikati anatoa amri.

Mvua ya kupanda ilikuwa imeshika na mahindi ya watu yalikuwa yametoa majani ya kwanza. Nilikuwa nafunga kivuli juu ya kitalu kipya, nikateleza kwenye tope, nikaenda chini mzima mzima. Kijiti cha mkaratusi nilichokuwa nimechonga mwenyewe kikaniingia pajani, nyuma, juu kabisa, mahali ambapo mwanamke wa umri wangu haonyeshi mtu. Nikakichomoa. Nikaosha kwa maji ya chumvi, nikafunga leso, nikamwambia Simiyu nimejikwaruza tu.

Kesho yake jioni paja lilikuwa limefura mpaka sketi haipiti. Ngozi ilikuwa imegeuka rangi ya shaba, halafu ikaanza kuwa nyeusi pembeni. Maumivu yalikuwa makubwa kuliko kidonda chenyewe, na hilo ndilo lililonitisha, maana kidonda kilikuwa kidogo, kidole tu kingeziba. Nilipobonyeza, nilisikia chini ya ngozi sauti kama karatasi ya mkate ikikunjwa. Na kulikuwa na harufu. Binti yangu wa kwanza, Nanjala, ambaye ameolewa na kuishi Kitale, alinipigia simu ya salamu, akasikia sauti yangu, akakata salamu katikati.

"Mama, toka hapo sasa hivi. Uende Bungoma. Usingoje asubuhi."

Bungoma nilikaa kwenye benchi la mapokezi nikiegemea ubavu mmoja. Jirani yangu, mwanaume aliyefungwa mkono kwa taulo, alikuwa anawaeleza wote wanaoingia kwamba foleni ya hapo inafuata anayelia zaidi. "Mama, wewe lia kidogo," akaniambia, "si uone hata mimi nilijaribu." Sikulia. Muuguzi alipita, akanusa, akarudi nyuma, akaniangalia usoni, na kabla sijasema jina nilikuwa juu ya kitanda cha magurudumu. Nikajua basi mambo si mazuri.

Walinipasua usiku huo huo wakatoa nyama iliyokufa. Nilipoamka, daktari wa upasuaji, kijana mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala, alikuwa ameshika kalamu ya wino mzito. Alichora mstari kwenye paja langu mahali wekundu ulipoishia. Baada ya saa chache akaja kuangalia. Wekundu ulikuwa umeuvuka mstari.

"Mama, hii kitu inapanda," akasema. "Tumekata, tumeweka dawa, na bado inapanda. Ikifika kiunoni, hatuna mahali pa kukata tena. Ama tuondoe mguu wote leo, ama tujaribu chemba. Kuna hospitali moja ya binafsi Kitale wako nayo. Tukijaribu, tunajaribu saa hii."

Nikamuuliza chemba ni nini. Akasema ni mahali pa kupumua hewa safi ya oksijeni kwa nguvu, na wadudu walioniingia hawaipendi hewa hiyo. Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata, na mpaka leo sijaongeza.

Safari ya ambulensi siikumbuki. Mara za kwanza za chemba nazikumbuka vipande vipande. Nakumbuka nikivuliwa kila kitu: pete ya ndoa, leso, hata kitambaa cha kichwa, kwa sababu ndani hakuingii kitu isipokuwa pamba tupu, wala ngozi haipakwi mafuta. Nakumbuka nikilazwa kwenye kitanda chembamba, nikasukumwa ndani ya bomba la kioo, mlango ukafungwa miguuni. Joto likapanda. Masikio yakaziba kama yanavyoziba ukiteremka kutoka Kapsokwony kwa pikipiki ya mtu asiyejua breki. Na sauti ya mwanaume ikatoka kwenye kipaza sauti juu ya kichwa changu, taratibu, "Meza mate, mama. Tena. Vizuri sana. Tena." Homa ilikuwa imenishika vibaya. Niliwaza kwamba kama huyo ni malaika, basi kwa lafudhi yake amelelewa upande wa Bumula.

Siku ya tatu homa ilishuka. Nilikuwa ndani ya bomba, nikageuza kichwa kwa mara ya kwanza nikiwa na akili zangu, nikaona mtu amekaa nje ya kioo. Niliangalia viatu kwanza, viatu vyeusi vilivyoshonwa upya pembeni. Nikavijua. Alikuwa Barasa, mume wa Nanjala.

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu, nieleze. Kwetu mama na mume wa binti yake hawaangaliani usoni. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali nyumba moja. Nikimwona anakuja njiani, naacha njia. Akitembelea boma langu anakaa sebuleni, mimi nakaa jikoni, na salamu zinapitia kwa mtoto. Yeye na Nanjala wamenizalia wajukuu watatu, na kwa miaka yote hiyo Barasa nilimjua kwa viatu na kwa kikohozi. Kazi yake nilisikia tu ni ya hospitali. Mtu haulizi mkwe wake anashinda akifanya nini.

Sasa huyo huyo alikuwa ameniona kichwa wazi, nimelala chali, kanzu ya hospitali imepandishwa, na paja langu lina shimo la kuingia ngumi. Nilitaka kufa. Nasema kweli, kwa dakika hizo nilitaka ule ugonjwa uendelee tu umalize kazi.

Nanjala alipokuja wodini nilimgeuzia kisogo.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua. Mimi ndiye nilimuuliza kama hiyo mashine inaweza kukusaidia. Wanaoijua hapa ni wawili, na mwenzake ameenda kujifungua. Ulitaka nifanye nini, mama? Nikae nikungoje ufe kwa heshima?"

Mdomo wangu hauna breki kwa kawaida, lakini siku hiyo ulikwama.

Basi tukatafuta njia yetu, mimi na Barasa, bila kuongea. Nikiingia ndani ya chemba nilivuta shuka ya pamba mpaka juu ya uso. Yeye naye akageuza kiti, akawa anakaa kiubavu, anaangalia saa za presha ukutani mwa mashine, mimi haniangalii. Maneno yalipita kwa muuguzi msichana anayeitwa Chebet, ambaye kwao ni Kapsokwony.

"Mwambie mama ameze mate," Barasa angesema, na kipaza sauti kiko mbele yake.

"Mama, ati umeze mate," Chebet angesema kwenye kipaza sauti hicho hicho.

"Mwambie nimemeza."

"Amemeza."

Chebet hakuipenda. Siku ya kwanza kabisa daktari mkuu wa hapo, mwanamke mrefu asiyecheka, alikuwa amewaambia wote kwamba uso wa mgonjwa uonekane muda wote. "Hata kwetu mkwe anaheshimiwa, mama," Chebet aliniambia akinifunga bendeji, "lakini hatumfuniki kama maiti." Nikamwambia yeye bado ni mtoto. Na nilijiona nimeshinda, kwa sababu mstari wa kalamu ulikuwa umeanza kutii. Kila asubuhi daktari aliangalia, na kila asubuhi wekundu ulikuwa umeshuka kidogo chini ya wino. Nilifikiri nitaupata mguu wangu na heshima yangu vyote viwili.

Masikio yaliniuma, nikanyamaza. Ungemwambiaje mkwe wako habari za mwili wako? Siku moja nilitoka na tone la damu kwenye mto, nikageuza mto. Ninyi mnaosoma mkiwa na safari hii mbele yenu, hapo ndipo naomba msome mara mbili. Sikio likiuma, inua mkono. Sema. Hakuna zawadi ya kuvumilia.

Kisha ikaja asubuhi ile. Tulikuwa tumeshuka chini, kama wanavyosema wenyewe hewa ikijaa, na nilikuwa nimelala chini ya shuka yangu nikihesabu wateja walionikopa miche. Mdomo wa juu ukaanza kurukaruka peke yake. Masikioni nikasikia mlio kama wa posho mill, mashine ya kusaga unga, iliyo mbali. Mwanga uliokuwa ukipita kwenye shuka ukaanza kupungua kutoka pembeni, ukabaki kama sahani, kisha kama kikombe. Niliwaza niinue mkono. Nikawaza tena kwamba mkono uko wazi hadi begani. Nikauacha pale ulipo.

Yaliyofuata niliambiwa na Chebet. Alikuwa ameingia na maji ya kunywa, akaona miguu yangu inapiga kioo. Barasa alikuwa anaangalia saa zake, na saa zote zilikuwa sawa. Chebet akapiga kelele. Barasa akageuka, akarukia kioo, na hapo ndipo alipoona kazi ya shuka yangu. Mtu akikakamaa ndani ya chemba hutoi hewa haraka. Amekaza pumzi, na ukishusha presha wakati huo mapafu yanapasuka. Unangoja mpaka uone anapumua. Na uso wangu ulikuwa chini ya shuka, kifua changu chini ya shuka.

Chebet aliniambia Barasa alisimama mkono kwenye kishikio, paji la uso limegusa kioo, akiangalia kile kitambaa cheupe mahali mdomo wangu ulipokuwa. Alikuwa anasema, "Pumua, mama. Pumua. Pumua." Hakuwa anasema "mwambie mama." Mwishowe shuka ikatikisika, ikaingia mdomoni, ikatoka. Ndipo akaanza kutoa hewa, polepole.

Niliamka nimeuma ulimi, mdomo umejaa ladha ya chuma. Barasa hakuwepo. Daktari mkuu alikuwepo, na afadhali asingekuwepo.

"Nilisema uso," akasema. "Nilisema kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Yeye nimemwambia yake, na wewe nakuambia yako. Leo hakuna chemba. Kesho pia hakuna. Mpaka nyinyi wawili mniambie mtaangaliana. Ama nikuandikie uende Nairobi, lakini huo mguu sidhani utangoja barabara."

Akachora mstari mpya. Kesho yake asubuhi nilijiinua kwa viwiko nikaangalia mwenyewe. Wekundu ulikuwa umeuvuka.

Simiyu alikuja siku hiyo kutoka Webuye, amevaa koti lake la kanisani kana kwamba anakuja kunioa upya. Nikasukumwa kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye benchi la nje ya chumba cha chemba, tukakaa hapo, mimi na yeye na Nanjala, watu wengine wakipita na chupa za mkojo na vikombe vya chai. Nanjala alimweleza baba yake yote. Yeye akasikiliza akiangalia kofia yake.

"Heri mguu ukatwe," akasema.

"Mguu wa nani?" nikamuuliza.

"Nekesa, sikia. Watu watasema nini? Ati mama mkwe analala, mkwe anakaa hapo anamwangalia saa mbili, kila siku? Hii ni laana tunawekea hawa watoto. Si Nanjala ndiye ataharibikiwa na nyumba?"

"Baba, nyumba ni yangu," Nanjala akasema.

"Wewe nyamaza kwanza."

"Asinyamaze," nikasema. "Simiyu, nikikatwa mguu kutoka kiunoni, nani atakaa kwa kitalu? Wewe unajua kumwaga maji tu. Na ni nani atanipeleka choo, usiku na mchana? Utanibeba? Sema hapa mbele ya mtoto kwamba utanibeba."

Akageuza kofia yake magotini. Nilimchukia. Tumeishi pamoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na dakika ile nilimchukia kwa moyo wangu wote, pamoja na koti lake. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa na hofu kama mimi, ila hofu ya wanaume wa umri wake inatoka mdomoni ikiwa amri. Aliinuka akaenda zake. Nikadhani ameenda kituo cha magari. Alirudi na kikombe cha uji wa wimbi kutoka kwa akina mama wa nje ya geti, akapiga magoti kwa shida, akanishikia kikombe kwa sababu ulimi wangu ulikuwa umefura.

"Pole pole," akasema. "Ni moto."

Ndivyo alivyokubali. Neno lenyewe hakulisema, na mimi sikumdai.

Alasiri ile Barasa alikuja mpaka mlango wa wodi. Nilisikia kikohozi. Alisimama nusu ndani nusu nje, uso ameuelekeza ukutani, mahali palipobandikwa picha ya kunawa mikono.

"Mwambie mama," akasema, "kwamba mimi nimekuja kuomba msamaha."

Wodini hakukuwa na mtu isipokuwa nyanya mmoja aliyelala kwa dawa.

"Barasa," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kutoka mdomoni mwangu yeye akiwa anasikia. "Chebet hayuko. Huyo unamtuma ni nani?"

Kisha akasema, bado kwa ukuta, "Najua hayuko, mama."

"Basi niambie mwenyewe."

"Mama, mimi naogopa kukaa hapo tena. Nilikuwa naangalia mashine, na mashine ilikuwa sawa. Ningekuua kwa heshima."

"Na mimi naogopa kuingia. Lakini mstari umevuka."

Akageuza kichwa kidogo. "Umevuka? Kiasi gani?"

"Upana wa kidole."

Nilisikia akivuta pumzi. Mtu wa kazi hiyo anajua upana wa kidole maana yake ni nini.

"Utaniangalia?" nikamuuliza.

"Mama akinipa ruhusa."

"Nimekupa. Na ukiona aibu, ona aibu ukiwa umefungua macho."

Kesho yake waliniingiza. Shuka iliishia kifuani. Kichwa changu kilikuwa wazi, mvi zangu zote nje, mashavu yamebonyea, maana nilikuwa nimekonda mpaka shingo ikawa ya kuku. Barasa aliweka kiti mbele ya kioo kabisa, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti. Daktari mkuu alisimama nyuma yake. Simiyu alikuwa nje kwenye benchi, na Nanjala ameshika mkono wake asije akabadilisha mawazo.

Nikafumba macho. Nikajilazimisha kuyafungua. Tukaangaliana.

Sijui nieleze vipi. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinaniambia geuka. Jasho lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye nywele, na hakulifuta. Nilimwona ana nyusi zilizoungana katikati. Mjukuu wangu wa kwanza ana nyusi hizo, na miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu amezirithi kwa marehemu dada yake Simiyu. Nilimwona ana kovu kidevuni. Alikuwa mtu mzima tayari, amechoka, macho mekundu kama ya daktari yule wa Bungoma. Binti yangu alikuwa ameamka kando ya uso huo miaka yote na mimi sikuujua.

"Tunaanza, mama."

Joto, kisha masikio. Nilimeza mate, nikaziba pua nikapuliza, lakini sikio la kushoto likakataa. Niliinua mkono, mkono mzima, wazi hadi begani. Akasimamisha hapo hapo. Akangoja. Nikameza tena, likafunguka kwa mlio mdogo, nikaitikia kwa kichwa. Akaendelea.

Tulipofika chini aliniambia kwamba oksijeni ikizidi ndiyo huleta kifafa kile, kwa hiyo leo nitapumzishwa na hewa ya kawaida mara kwa mara, kwa barakoa iliyo kando ya mto wangu. Kisha tukaangaliana tu, na muda haukusogea. Nikamwambia aseme chochote. Akawaza. Akasema Nanjala huwa anapika maharagwe bila chumvi halafu anakasirika mtu akiomba chumvi. Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaona uso wake umebadilika.

"Mama, barakoa. Sasa hivi. Weka usoni, vuta."

Sikuwa nimehisi kitu. Nikaweka. Ndipo nikahisi mdomo wa juu unarukaruka, kidogo sana, kama mshipa wa jicho. Yeye alikuwa ameuona kabla yangu. Nilivuta hewa nikimwangalia, naye hakupepesa, midomo yake inasema bila sauti, pumua, pumua. Mlio wa posho mill haukuja. Mwanga haukupungua. Baada ya muda mdomo ukatulia, na daktari mkuu nyuma yake akaachilia kitu alichokuwa ameshika, nikasikia kikigonga meza.

Tuliendelea hivyo wiki baada ya wiki, mwanzoni mara mbili kwa siku, kisha mara moja. Kati ya hapo walinirudisha kwenye upasuaji kusafisha, na kila mara nilitoka paja limepungua. Magugu yalipaliliwa Trans-Nzoia yote mimi nikiwa chali. Mahindi yalitoa ndevu. Nywele zangu zilikatika kwa dawa, kucha zikawa na mistari, na macho yakaanza kuona mbali vibaya, ingawa waliniambia yatarudi, na yamerudi. Ndugu za Barasa wa Bumula waliacha kupiga simu. Kuna mama wa kanisa letu aliyekuja kuniona, akasikia habari, akasahau kuniachia ndizi alizobeba. Baadaye wazee wa pande zote mbili walikaa, wakapeana kondoo na blanketi, wakasema aibu imeondolewa. Nashukuru walifanya hivyo, kwa ajili ya Nanjala. Lakini wakati wa kuokoa mguu hakukuwa na kondoo karibu.

Kwa hiyo wewe unayengoja zamu yako, kaa ukijua watu wako watagombana juu yako, na mara nyingi wanagombana na hofu. Omba uji. Vua pete mapema kabla kidole hakijafura. Waambie mdomo ukirukaruka, waambie ukiona mwanga unapungua. Na kama anayekaa nje ya kioo ni mtu ambaye hutakiwi kumwangalia, mwangalie.

Mwishoni ilibaki ngozi. Walitoa ngozi kwenye paja la kushoto wakaibandika la kulia, na daktari mkuu akasema wazi kwamba isiposhika, na ugonjwa ukirudi chini yake, tutazungumza habari ya kukata tena. Nikarudi kwenye chemba ili ishike. Wakati huo mahindi yalikuwa yamekauka mashambani na watu walikuwa wanayasimamisha mafungu mafungu. Usiku wa kuamkia siku ya kufungua bendeji sikulala. Simiyu alikuwa Webuye kwenye vitalu, Nanjala alikuwa kazini. Daktari alifunua tabaka moja, akafunua la pili, akainama akanusa. Akabonyeza. Akanibonyeza vidole vya mguu kimoja kimoja, akaniambia nivikunje, nikavikunja. Akaniambia niinue mguu kutoka kitandani. Uliinuka ukitetemeka, mwembamba kama mchi, lakini uliinuka.

"Huu mguu unabaki," akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilitaka kumwambia mtu. Nikachukua magongo, nikajikokota kwenye korido kwa mara ya kwanza bila kushikwa, mpaka chumba cha chemba. Barasa alikuwa peke yake, anapangusa kioo cha bomba kwa kitambaa. Nikasimama mlangoni nikihema.

"Barasa. Unabaki. Wamesema mguu unabaki."

Aliweka kitambaa chini. Mabega yakaanza kumtikisika. Akageuka upesi akaangalia ukuta.

Na mimi nikamgeuzia uso. Niliangalia nje dirishani, kwenye mahindi yaliyosimamishwa shambani ng'ambo ya ua, mpaka akamaliza kulia.